Enzi za bumu, mwanachuo alipotuma pesa nyumbani

Mpenzi msomaji, kama nyumbani kwako kuna kijana aliye chuo kikuu, bila shaka unaujua ujumbe wa katikati ya mwezi. Huja bila salamu wala hamjambo huko. "Mathe, tuma kitu." Mama naye hana la kufanya. Anazitoa zile mia tano alizokuwa ameziweka za gesi, anazituma kwa simu, kisha anaketi kuwaza jioni watapika kwa nini. Jambo hili limekuwa la kawaida mno hata hatulitazami mara mbili. Mzazi hutuma, mwanachuo hupokea.

Sasa nikikuambia kwamba nchini humu humu Kenya palikuwa na zama ambapo pesa zilifuata njia ya upande wa pili, mwanafunzi wa chuo kikuu akatuma na mzazi kule kijijini akapokea, waweza kudhani nakutania. Sikutanii hata kidogo. Mtafute mtu wa miaka sitini na ushei aliyepitia Chuo Kikuu cha Nairobi, umtajie neno moja tu, "bumu", halafu umtazame uso.

Bumu lilikuwa jina la utani la fedha ambazo serikali ilimpa mwanafunzi mkononi, sehemu ikiwa ya vitabu na sehemu ya matumizi yake mwenyewe. Jirani zetu wa Tanzania wangali wanalitumia neno hilo hadi leo. Huku kwetu limebaki midomoni mwa wazee.

Lakini ili uelewe uzito wa bumu, yafaa kwanza ujue jinsi wenyewe walivyokuwa wachache. Chuo cha Nairobi kilifungua milango yake mwaka wa 1956 kikiitwa Royal Technical College. Mwaka wa 1963 kikajiunga na Makerere na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na muungano huo ulipovunjwa mwaka wa 1970 kila nchi ikabaki na chake. Toka hapo hadi 1984, Chuo Kikuu cha Moi kilipoundwa kule Eldoret, Kenya nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja cha umma. Hata chuo cha Kahawa, ambacho majengo yake ya kwanza yalikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, kilikuwa bado chini ya Nairobi, na hakikusimama peke yake kama Chuo Kikuu cha Kenyatta hadi 1985.

Basi kijana aliyefaulu mtihani wa kidato cha sita akaitwa Nairobi hakuwa wa baba yake tu. Alikuwa wa kata nzima. Barua yake ilisomwa kanisani, mbuzi akachinjwa, na wazee wasiojua hata kazi ya daktari wa wanyama ni ipi wakamwagiza arudi akiwa daktari wa watu.

Serikali nayo ilikuwa na hesabu zake. Wazungu walikuwa wakiondoka maofisini na nafasi zao zilihitaji kujazwa. Kwa hiyo katika miaka ya kwanza ya uhuru iliwalipia wanafunzi masomo, malazi na maakuli, kwa sharti kwamba mtu akishapata shahada aitumikie serikali kwa muda usiopungua miaka mitatu. Mnamo 1974, idadi ya wanafunzi ilipozidi kupanda, mfumo huo ukageuzwa kuwa wa mikopo. Liweke jambo hili akilini, msomaji, maana tutalirudia: kuanzia 1974 bumu lilikuwa deni. Karatasi zilisema hivyo na mwanafunzi akatia sahihi. Ila ni nani mwenye umri wa miaka ishirini, tumbo limeshiba na noti mpya ziko mfukoni, atakayesoma maandishi madogo?

Na tumbo kweli lilishiba. Ukiwasikiliza waliokula katika mabwalo yale miaka ya sabini na mapema ya themanini, utadhani wanasimulia hoteli. Asubuhi mayai, soseji, mkate wa siagi na maziwa. Mchana nyama, wali, ugali au chapati, na matunda juu yake. Siku za kuku zilijulikana na hakuna aliyezisahau. Aliyemaliza sahani yake akaona bado, alirudi kwenye foleni kuongezewa. Kumbuka hawa ni vijana waliotoka shule za bweni ambako wadudu walipikwa pamoja na maharagwe bila ubaguzi, na wengi wao kwao yai lilikuwa la kuuza sokoni. Walikuwa wakinenepa muhula wa kwanza hata shati walilokuja nalo likawakataa.

Chumbani mambo yalikuwa yayo hayo. Uliwasili na sanduku lako la bati, ukapewa ufunguo, ukakuta kitanda, godoro, meza ya kusomea na kabati. Mashuka na blanketi yalikuwa ya chuo, na mashuka yalibadilishwa na wafanyakazi. Sakafu ilipigwa deki na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, mara nyingi mzee wa umri wa baba yako, jambo lililowatia haya wale waliolelewa vizuri na kuwavimbisha vichwa wale wengine.

Hapakuwa na simu za mkononi wala intaneti. Habari za nyumbani zilikuja kwa barua, na kibanda cha simu kilikuwa na foleni ya watu walioshika sarafu kama waumini wanaongoja kapu la sadaka. Utafiti ulimaanisha kwenda maktaba ya Jomo Kenyatta mapema kabla kitabu kile kimoja alichokitaja mhadhiri hakijanyakuliwa. Mapumziko yalikuwa sinema za mjini, kwa miguu, kwani kutoka bweni hadi katikati ya jiji ni mwendo wa dakika chache. Na palipokuwa na jambo la kuwakera wote, iliitishwa kamukunji. Neno hili, kwa wasiojua, walilichukua kwenye uwanja wa Kamukunji hapa Nairobi ambako wanasiasa walizoea kuhutubia umma, nao wakalifanya jina la mkutano wowote wa wanafunzi. Lilikuwa jambo la kawaida kumsikia mtu akisema kamukunji iko saa mbili usiku mbele ya bweni fulani.

(Kwa kuwa tumegusa maneno, hapa kuna jingine. Mwanafunzi wa Kenya akikuambia aliingia mtihanini na "mwakenya", ana maana ya karatasi ndogo ya kuibia majibu. Mwakenya lilikuwa kundi la siri la kisiasa ambalo serikali ililiandama vikali mwaka wa 1986, na vikaratasi vyake vilipitishwa mkono kwa mkono kwa kificho. Wanafunzi wakalihamishia jina hilo kwenye vikaratasi vyao. Kundi lilikwisha, wizi wa mitihani ungalipo.)

Tulirudie bumu.

Siku ya bumu foleni ilizunguka majengo. Waliotoka na hundi zao walionekana kwa mwendo tu. Wapo waliokwenda moja kwa moja kununua redio ya kaseti, kiatu chenye kisigino na suruali pana iliyofagia barabara. Wapo walioingia baa za mjini Ijumaa, wakatoka Jumatatu wakiwa na deni. Hawa ndio waliovuma, na ndio wanaosimuliwa hadi leo pale wazee wanapokutana kwenye mazishi. Kwa maoni yangu wamesimuliwa kupita kiasi. Upande mwingine wa bumu haukupiga kelele, ulipitia dirishani pale posta.

Mjomba wangu mmoja, kaka mkubwa wa mama, aliingia chuo kikuu mwaka wa 1980 akitoka kijiji kimoja cha Kakamega. Babu yangu alikuwa mkulima wa mahindi, ng'ombe watatu na watoto saba. Kabla kijana hajamaliza hata muhula wa kwanza, barua ilimfikia, ikaanza kama zilivyoanza barua zote za wakati ule: salamu nyingi, sisi hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali, na dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba dada yako amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Dada huyo ni mama yangu.

Bumu lilipotoka, mjomba alichukua hawala ya posta. Mama akarudi darasani. Muhula uliofuata vivyo hivyo, na wa baadaye akaongeza kitu cha mabati. Nyumba ya nyanya iliyokuwa ya nyasi ikaezekwa, na katika ukoo wetu paa lile laitwa "mabati ya bumu" hata sasa, ingawa limeshika kutu na kuvuja upande wa jikoni. Mjomba mwenyewe alimaliza masomo na jozi moja ya viatu. Chakula kilikuwa bure, kitanda kilikuwa bure, basi pesa za mfukoni zilikuwa za kufanyia nini, aliniuliza, kama si kuwainua waliobaki nyuma? Hakuliuliza hilo kwa kujisifu. Katika chumba chao cha watu wawili, mwenzake alikuwa akisomesha wadogo zake watatu.

Hebu tafakari, msomaji. Mkopo ule uliokusudiwa kumwelimisha mtu mmoja ulikuwa ukisomesha nyumba nzima kimyamimya, na hakuna ofisi iliyoandika mahali popote. Yule aliyefika chuoni alikuwa ameshaacha kuwa mzigo kwao. Alikuwa mwajiriwa wa kwanza wa familia kabla hajaajiriwa.

Hata hivyo tusije tukapaka asali kila mahali. Chakula kile kilitoka katika kodi ya watu wote, wakiwemo mamilioni ambao watoto wao hawakuona mlango wa kidato cha tano, seuze chuo kikuu. Wasichana walikuwa wachache mno. Maeneo mazima ya kaskazini yalipeleka vijana wa kuhesabu kwa vidole. Na waliokuwa ndani walikula wakitazama nyuma, kwa kuwa polisi wa upelelezi walijulikana kuwa miongoni mwao, na neno moja kwenye kamukunji lingeweza kumtoa mtu bwaloni likampeleka kizuizini.

Mwezi wa Agosti 1982, baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1, chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Wanafunzi walirejeshwa makwao wakatakiwa kuripoti kwa chifu. Titus Adungosi, kiongozi wao, alifungwa jela, na alifia humo humo mwaka wa 1988. Hayo yameandikwa na wanahistoria. Ambalo halikuandikwa ni kwamba chuo kilipofungwa, bumu nalo lilifungwa. Mjomba alikuwa kijijini akilima mahindi na kusaini daftari la chifu, na mama yangu, ambaye alikuwa kidato cha pili, aliketi nyumbani naye. Babu aliuza ng'ombe mmoja ndipo akarudi shuleni, akiwa amechelewa mwaka, akasoma na watoto aliokuwa amewatangulia. Sijui ni wasichana wangapi katika nchi hii waliacha shule mwaka ule kwa sababu kaka zao walifukuzwa Nairobi. Nadhani hakuna aliyewahesabu.

Chuo kilipofunguliwa tena mambo yalianza kubadilika polepole. Kuanzia 1984 waliochaguliwa walipitishwa kwanza katika mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa kule Gilgil, wakakimbizwa alfajiri na kufundishwa kupiga saluti. Vyuo vikaongezeka, na idadi ya wanafunzi ikaongezeka kuliko vyuo. Mwaka wa 1990 ndio uliokuwa kilele. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walifika mlangoni wakati ambapo wa mwisho wa kidato cha sita nao walikuwa wakingoja kuingia. Makundi mawili yakapitishwa mlango mmoja. Vyumba vya wawili vikawa vya wanne, kumbi za mihadhara zikajaa hadi madirishani, na foleni ya bwalo ikawa ndefu hivi kwamba wa mwisho alikuta mchuzi bila nyama.

Hazina ya serikali ilikuwa imekauka, na wakopeshaji wa nje, Benki ya Dunia wakiwa mbele, walikuwa wakishinikiza kwamba wanaopata elimu ya juu wachangie gharama yake. Mwaka wa 1991 ndipo uamuzi ulipotangazwa wa kugawana gharama. Mwanafunzi angelipa karo, na chakula cha bure kingekoma. Wanafunzi waligoma, vyuo vikafungwa, lakini waliporudi mabwalo yalikuwa yameshaweka ubao wa bei mlangoni. Mtindo ukawa lipa ndipo ule.

Ni vigumu kumweleza mtu asiyekuwapo jinsi ubao ule ulivyobadilisha kila kitu. Kabla yake, mwana wa waziri na mwana wa mchuna majani ya chai walishika trei zilizofanana na kula yale yale. Baada yake, chakula kikawa alama. Huyu ameagiza kuku na soda, yule amechukua ugali na sukuma, na wa tatu hayupo kabisa, yuko chumbani amefunga mlango akichemsha maharage kwa jiko la koili, sikio likiwa nje kusikiliza hatua za msimamizi wa bweni, kwani kupika chumbani kulikatazwa na majiko yalinyang'anywa. Chai ya asubuhi ilikuwa ya kwanza kufutwa katika bajeti. Vibanda vya chapati na madondo vikachipuka kando ya kila chuo, na wenyewe wakawa wanawajua wanafunzi kwa majina na kwa madeni yao.

Ubunifu nao haukukosekana. Bweni likawa soko. Chumba hiki wanasuka nywele, kile wanauza mitumba, cha tatu kuna mtu mwenye taipureta anayechapa insha za wenzake kwa kurasa. Aliyekosa chumba alilala chini kwa rafiki, na mtu wa namna hiyo aliitwa haramia. Mikopo haikukoma, la hasha, ila sasa ilimezwa na karo na chakula kabla haijafika posta. Hawala za kwenda vijijini zikakauka. Badala yake barua zikaanza kwenda upande ule mwingine, zikiwa na dhumuni lile lile, mwandishi tu ndiye aliyebadilika. Familia zikaitisha harambee ili kumpeleka mtoto chuoni, shamba likakodishwa, na mdogo aliyekuwa akingoja kuvutwa na kaka yake akaambiwa asubiri.

Na deni lile la maandishi madogo? Mwaka wa 1995 iliundwa kwa sheria ya bunge Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ikapewa kazi mbili: kukopesha wapya na kuwadai wa zamani. Ikafukua majalada hadi yale ya 1974. Watu waliokuwa mameneja na walimu wakuu, waliosahau kabisa soseji walizokula wakiwa na miaka ishirini, wakaona mishahara yao imekatwa. Wengine walikasirika wakasema walipewa zawadi. Mjomba wangu alilipa bila kunung'unika. Alisema alikuwa amekopa kwa ajili ya paa na dada, na vyote viwili vilikuwa vimesimama.

Siku hizi wanafunzi wa vyuo vikuu nchini wamepita laki tano, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu miongoni mwao wamo wasichana na watoto wa maeneo ambayo zamani hayakutajwa. Kwa miaka mingi karo ya wale walioteuliwa na serikali ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka, hadi 2023 ulipozinduliwa mfumo mpya unaowapanga wanafunzi katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao. Mfumo huo umezua malalamiko mengi na kesi mahakamani, na mimi nisiyepita chuo kikuu, niliyesomea uandishi wa habari kwa diploma, sitajifanya hakimu.

Nitasema tu nililoliona. Mzozo wote huo umehusu ni kiasi gani mzazi aweza kumlipia mtoto wake. Fomu zinamuuliza mzazi mapato yake, aina ya nyumba, idadi ya wategemezi. Sijaona mahali zinapomuuliza kijana ni nani nyumbani anayemtegemea yeye. Na wapo, msomaji. Wapo wanaokatiza chakula cha mchana Nairobi ili mdogo wao anunuliwe kitabu kule Busia au Kitui. Binti mmoja wa mtaani kwetu, aliye mwaka wa pili, hupokea pesa za mkopo asubuhi na kufikia jioni theluthi imeshafika kwa nyanya yake. Yeye hajawahi kulisikia neno bumu. Nilipomsimulia habari za mayai na soseji alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaniuliza kama kweli walikuwa wakiongezewa.

Nikamwambia ndiyo, walikuwa wakiongezewa.

Wewe uliyesimama kwenye foleni ile, tuandikie utuambie pesa zako zilikwenda wapi. Jumapili ijayo, Mungu akitujalia, nitachapisha baadhi ya majibu, hata ya wale wa redio na suruali pana.